Vita vya Mshonaji na Mwizi wa Umeme Ndani ya Kikohozi

Sogeeni, nduguzanguni, sogeeni karibu! Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, mwenye simu aigeuze kifudifudi, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, kwa maana habari hizi si za kukatizwa. Wengine wamekwisha kuwahadithia wafalme waliopigania milima na bahari. Mimi nawaletea habari za mwanamke mmoja mwenye miwani ya kusomea, aliyepigana siku mbili, mchana kweupe, na adui asiye na umbo wala harufu wala sauti, naye akamshika kwa vidole viwili. Zihifadhini, mkawasimulie wasiokuwepo; na wasipotaka kusikia, wasimulieni hivyo hivyo.

Palikuwa na Mshonaji, Malkia wa Cherehani ya Miguu, Mwenye Pini Mdomoni, Mnyoosha Pindo za Wanyofu na za Waliopinda, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alizitanua suruali za mtaa mzima bila kumwambia mtu yeyote ni za nani na ni kwa inchi ngapi. Na katika nyumba ya Mshonaji palikuwa na gari, urithi wa baba mkwe wake, gari dogo la samawati la milango minne, mitatu ikifunguka kwa mkono na mmoja kwa dua. Jina lake liliitwa Kikohozi, kwa namna lilivyozoea kusalimia asubuhi.

Sasa, kwa muda wa miezi minne Kikohozi lilikuwa limeingiwa na ugonjwa usiojulikana. Likikaa siku mbili bila kuendeshwa, siku ya tatu haliamki. Ufunguo unazungushwa, linatoa sauti moja, “kek”, kama mtu aliyeulizwa swali asilolipenda, kisha kimya. Na hata likisukumwa likaamka, taa zake za mbele zilikuwa za kutia huruma, manjano kama chai ya mgonjwa. Ukikanyaga breki, zinafifia. Ukiwasha waipa, zinafifia zaidi. Ukipiga honi, zinasinzia. Jumanne moja, kabla jua halijatoka, katika mvua nene, Mshonaji alikuwa akimpeleka mama mkwe wake kliniki ya macho, na nusura aingie na gari lote katika duka la magodoro. Ingekuwa ajali laini, lakini ni ajali.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema kutoka kiti cha nyuma, mkoba wake mapajani, “mimi nina mtoto wa jicho. Taa zako zina nini?”

Jumatano jioni likaketi baraza la ukoo: watu wanne na sahani moja ya karanga. Alikuwepo Mshonaji. Alikuwepo mumewe, kinyozi kwa kazi na mpole kwa maumbile, ambaye katika kila shauri la nyumba hiyo alikuwa upande wa karanga. Alikuwepo mama mkwe. Na juu yao wote, amesimama ingawa viti vilikuwepo, alikuwepo kaka mkubwa wa kinyozi, mkaguzi mstaafu wa mizani, mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili, aliyeitwa Bwana Uhakika kwa sababu tangu azaliwe hakuna jambo aliloliwekea shaka.

“Enyi watu wa nyumba hii!” akanguruma Bwana Uhakika. “Nisikilizeni na moyo msiupasue. Betri tumebadilisha mara mbili. Altaneta, ile inayochaji betri, tumebadilisha. Mafundi watatu wamelala chini ya gari hili, na mmoja wao alilala kweli, tukamsikia akikoroma. Nini kimebaki? Hakuna kilichobaki! Gari la marehemu baba limekufa. Limekufa, nina uhakika! Nimeongea na mnunuzi wa chuma chakavu. Ijumaa saa tisa anakuja na mnyororo.”

“Halijafa,” mama mkwe akasema, akitafuna. “Jana limenipeleka hospitali.”

“Mama, jana nusura liwapeleke kwenye magodoro.”

“Ndiyo. Maiti haiendi kwenye magodoro.”

“Shemeji,” Mshonaji akaanza, “Jumatatu kuna—”

“Hakuna cha Jumatatu wala cha Jumanne!” akasema Bwana Uhakika, na mkono wake ukapaa juu kama bendera. “Neno limetoka!”

Na kwa kuwa neno lilikwisha kutoka, Mshonaji hakupata nafasi ya kusema kwamba Jumatatu, saa kumi na mbili kamili asubuhi, mama mkwe alitakiwa hospitali kupasuliwa jicho la pili. Kwamba ikipita siku hiyo zamu nyingine ni baada ya miezi saba. Na kwamba mama mkwe, aliyekuwa amebakiwa na jicho moja la kutegemea, ameapa hapandi gari la mtu asiyemjua. Mshonaji akamtazama mumewe. Mumewe akazitazama karanga.

Hapo ndipo Mshonaji aliposimama, na uzi mwekundu ukiwa bado umenasa begani mwake.

“Shemeji, nipe mpaka hiyo Ijumaa saa tisa.”

“Ufanye nini?”

“Nilitazame.”

Bwana Uhakika akacheka kicheko kilichotikisa sahani. “Mafundi watatu wameshindwa, utaweza wewe, mshona magauni?”

“Wale walitafuta wakiwa wanajua,” akasema Mshonaji. “Mimi nitatafuta bila kujua.”

Alhamisi asubuhi, jua likiwa limeanza tu kupanda paa, Mshonaji akaenda kwa jirani yake, fundi redio, kutafuta silaha. Fundi redio alikuwa na spika sita za harusi za kutengeneza kabla ya Jumamosi, asingeweza kutoka, ila alimpa mita yake ya umeme yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na akamwonya kama kungwi anayemwonya mwari.

“Dada, wewe una maadui wawili. Usiwachanganye, ndicho kilichowashinda wenzako. Mmoja anaiba umeme gari likiwa limelala. Huyo ndiye anamaliza betri. Mwingine anaziba njia gari likiwa macho. Huyo ndiye anafifisha taa. Anza na anayeziba, ni mjinga kidogo. Na ukipima, pima kwanza, hasira baadaye.”

Basi Mshonaji akapiga kambi katika banda la gari. Kwa kuwa taa hazipimiki kwenye mwanga wa mchana, alichukua mita kumi na mbili za kitambaa cheusi kizito, mali ya mteja aliyetaka mapazia, akaliziba banda dirisha na mlango, akabana kwa vibanio vya nguo mpaka likawa giza tupu. Mama mkwe akakataa kubaki nyumbani. Akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango. “Mimi nitawaambia kama zinawaka,” akasema. “Jicho hili moja halidanganywi.” Kinyozi, aliyefunga duka lake la kunyolea siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu apate surua, aliketi mbele kwenye usukani kama baharia aliyetekwa.

“Washa!” akaamuru Mshonaji.

Kikohozi, lililokuwa limechajiwa kwa chaja ya fundi redio, likakohoa mara tatu likanguruma. Taa zikawaka manjano ukutani. Mshonaji akainama juu ya injini, akagusa betri kwa nyaya zake mbili. Mita ikasema kumi na nne. Akaenda nyuma ya taa, akagusa pale. Mita ikasema kumi na moja.

Akasimama. Akarudia. Kumi na nne. Kumi na moja.

“Kuna nini?” mumewe akauliza kupitia dirishani.

“Volti tatu zimeondoka hapa na hazijafika pale.”

“Zimekwenda wapi?”

“Ningejua ningeziita.”

Na hapo, nduguzanguni, Mshonaji akafanya jambo ambalo mafundi watatu hawakulifanya: akafikiri kama mshonaji. Uzi ukitoka vizuri kwenye kigurudumu, ukafika legelege kwenye sindano, hubadilishi kigurudumu. Umenasa mahali katikati. Akafuata waya mwekundu kwa ncha za vidole, sentimita kwa sentimita, kama anayetafuta pini kwenye gauni la bi harusi. Mwekundu ulikuwa safi. Akafuata mweusi, ule mnene unaotoka betri kwenda kufungwa kwa nati kwenye mwili wa gari, maana umeme, kama mgeni, lazima upate njia ya kurudi kwao. Vidole vyake vikafika kwenye nati, vikasita. Nati ilikuwa ya samawati.

Sasa sikilizeni. Miezi minne iliyopita, Bwana Uhakika aliazima gari hilo kwenda mazishini, akarudi kinyumenyume kwa uhakika mkubwa, akagonga nguzo ya taa. Kwa heshima yake, na ni lazima kusema kweli hata juu ya adui, alilipeleka likanyooshwa, akaamuru lipakwe rangi upya lote, nje na ndani ya boneti. Na wapaka rangi walitii. Walipaka chuma, walipaka nati, walipaka na mahali penyewe umeme unapopitia, na chini ya rangi kutu ilikuwa imekaa ikila kimyakimya.

Mshonaji akaamuru gari lizimwe, akachukua spana namba kumi, akaishika nati. Nati ikagoma. Akaishika tena, akaiita majina ambayo mama mkwe alijifanya hakuyasikia, akaweka mguu kwenye bampa akavuta kwa uzito wa miaka ishirini na miwili ya cherehani, na nati ikatoa mlio wa kunung'unika ikaachia. Akapiga msasa. Akapiga msasa mpaka jasho likadondoka kwenye betri, mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya. Akakaza upya kwa nguvu zake zote.

“Washa!”

Hapakuwa na tarumbeta. Lakini ukuta wa banda, uliokuwa wa manjano, ukawa mweupe, mweupe wa shuka la hospitali, na buibui mmoja aliyeishi pale miaka mingi akakimbia kwa aibu.

“Kanyaga breki!” Hazikutetereka. “Waipa!” Hazikutetereka. “Honi!” Kinyozi akapiga honi ndefu kuliko ilivyohitajika, na uso wake ukawa wa mtu anayeanza kujisahau.

“Mama?” Mshonaji akauliza.

Mama mkwe alikuwa amefumba jicho lake. “Zimeni,” akasema. “Mnaniumiza.”

Ijumaa ikafika, na vita vya pili vilikuwa vigumu kuliko vya kwanza, kwa sababu mwizi huyu hufanya kazi kila kitu kikiwa kimezimwa. Mshonaji akafunga milango yote na buti, sanduku la mizigo la nyuma, akatoa ufunguo. Akafungua waya mweusi wa betri, akaweka mita katikati, waya mmoja kwenye betri na wa pili kwenye waya ule, ili kila tone la umeme linalotoka lipite mkononi mwa mlinzi. Mlinzi alikuwa kinyozi. Kazi yake ilikuwa kusoma.

“Sifuri nukta nne tatu!” akatangaza.

Fundi redio alikuwa amesema gari lililolala salama halizidi ampea nukta sifuri tano. Hili lilikuwa limelala na linavuja.

Mshonaji akafungua kisanduku cha fyuzi kando ya injini. Hapo walijipanga askari kumi na wanne wadogo, wekundu, wa bluu, wa njano, kila mmoja akilinda mlango wake. Akachukua kibano cha nyusi, silaha aliyoitumia siku zote kwa mambo mengine, akamng'oa wa kwanza.

“Honi. Soma!”

“Sifuri nukta nne tatu.”

Akamrudisha. Akamng'oa wa pili. “Waipa!”

“Ile ile.”

“Redio!” Wote wakaiinamia mita, maana redio ndiyo iliyoshukiwa tangu mwanzo, kinyozi aliiweka mwenyewe, na mafundi wote watatu waliilaani.

“Sifuri nukta nne tatu,” kinyozi akasema, akainua kichwa. “Mke wangu, redio yangu haina kosa.”

“Nimesikia. Endelea.”

Saba. Nane. Jua likapita juu ya banda. Saa nane na nusu lango likalia, akaingia Bwana Uhakika, amevaa koti la shughuli, amekuja kusimamia mauzo. Akasimama mlangoni mwa banda akitazama mapazia ya mteja, kibano cha nyusi, na mdogo wake aliyeinamia mita kama anayesoma wosia.

“Bado mnacheza?” akauliza.

Mshonaji akamng'oa askari wa tisa, mdogo, wa njano.

Kinyozi akafuta miwani yake, akatazama tena. “Nukta... nukta sifuri mbili!” Akaruka. Ndiyo, aliruka, mtu wa miaka hamsini na mmoja. “Imeshuka! Mke wangu, imeshuka!”

Kwenye kifuniko cha kisanduku, kwa maandishi madogo kama ya dawa, iliandikwa: taa za ndani na za buti. Taa ya juu ya vichwa vyao ilikuwa imezimwa. Mama mkwe alilithibitisha kutoka kiti chake cha nyuma, ambacho alikuwa hajakitoka tangu chai. Ilibaki moja.

“Taa ya buti,” akasema Mshonaji polepole. “Haizimiki.”

“Upuuzi!” akanguruma Bwana Uhakika. “Taa ya buti, mfuniko ukifungwa, inazimika. Ndivyo ilivyotengenezwa. Inazimika, nina uhakika!”

“Uliiona ikizimika?”

“Nitaionaje na buti limefungwa?”

Watu watatu wakamtazama Bwana Uhakika, kisha wakalitazama buti, kisha wakamtazama tena Bwana Uhakika.

“Ingia,” akasema mama yake.

Mtu mwingine angekataa. Lakini yeye alikuwa na uhakika, na uhakika humwingiza mtu mahali pengi. Akavua koti, akalikunja. Akaingiza mguu mmoja. Akaingiza kitambi, wakasubiri. Akaingiza mguu wa pili. Mshonaji akamrudisha askari wa njano mahali pake. Mama mkwe akashuka, akafungua mkoba, akatoa kadi yake ya kliniki.

“Shika. Kama ni giza kama unavyosema, hutaweza kusoma. Kama unaweza, soma kwa sauti.”

Mfuniko ukafungwa.

Kwanza hawakusikia kitu. Kisha, kutoka tumboni mwa Kikohozi, ikaja sauti ya mkaguzi mstaafu, nzito, rasmi, ya mtu ambaye maisha yake yote hajapewa karatasi akaacha kuisoma: “Kadi ya mgonjwa. Umri, sabini na tisa. Upasuaji wa jicho la kulia. Siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mgonjwa akichelewa...”

Sauti ikakatika.

“Mama,” ikasema sauti, na sasa haikuwa ya mkaguzi. “Ni Jumatatu hii?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Tulianza kukuambia. Ulikuwa unasema.”

Mshonaji akaweka ufunguo kwenye kufuli ya buti. Ukazunguka bure. Akazungusha tena. Mfuniko uliogonga nguzo ukanyooshwa nusu ulikuwa umejibana upande mmoja na kuachama upande wa pili. Akainama kuutazama ule mwachamo wa kidole kimoja, na humo ndani akauona mstari mwembamba wa mwanga, na ukingoni kitufe cha plastiki, kidogo kuliko kifungo cha shati, kimesimama wima, kinangoja kubonyezwa na mfuniko ambao miezi minne sasa haujapata kukifikia. Huyo ndiye mwizi! Huyo ndiye aliyekula betri mbili na altaneta moja, akamlaza fundi mmoja chini ya gari!

Na ni saa hiyo hiyo, saa tisa kamili, aliyetarajiwa akaingia langoni: mnunuzi wa chuma chakavu, mtu mwembamba mwenye mnyororo begani.

“Hamjambo hapa. Nimekuja kuchukua lile lililokufa.”

“Haliuzwi!” Kikohozi likanguruma.

Mnunuzi akarudi hatua mbili. Akamtazama kinyozi. “Limesema nini?”

“Limesema haliuzwi,” kinyozi akajibu. Kisha yeye, ambaye maishani mwake hakuwahi kumpinga mtu, akajiweka katikati ya mnyororo na bampa, mita ikiwa kifuani mwake. “Na mimi nasema hivyo hivyo.”

“Kuna mtu ndani?”

“Ni kaka yangu.”

Mnunuzi akalipima jambo hilo kwa muda. “Mimi,” akasema, “sinunui gari lenye mtu,” akageuka, na mnyororo wake ukasikika ukilia mpaka mwisho wa mtaa.

Ilichukua dakika ishirini, rula ya mbao ya kupimia vitambaa, na sabuni ya kipande kumtoa Bwana Uhakika. Alipotoka, nywele zimelala upande, hakuhutubia. Akakitazama kile kitufe kwa muda mrefu.

“Shemeji,” akasema mwishowe, “ile nguzo.”

“Najua, shemeji.”

“Nilidhani niko mbali nayo.” “Nilidhani tu. Sikuwa na uhakika.”

Na hayo, nduguzanguni, hayakuwahi kusikika nyumbani mle, wala hayajasikika tena.

Jioni hiyo Mshonaji akashona mto mdogo kuliko mito yote iliyopata kushonwa, urefu wa kidole gumba, wa kitambaa cha jinzi, umejazwa vipande vya pamba, akaubandika kwa gundi chini ya mfuniko mkabala na kitufe. Buti likafungwa. Kinyozi akasoma: nukta sifuri mbili. Kikohozi likaachwa bila kuguswa Jumamosi yote na Jumapili yote, na hakuna aliyethubutu hata kuliegemea.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, Mshonaji akazungusha ufunguo, na Kikohozi likaamka mara moja, bila kukohoa. Mama mkwe alikuwa nyuma na mkoba wake. Kando yake, kwa kuwa aliomba mwenyewe, aliketi Bwana Uhakika, magoti kidevuni, kimya. Barabara ilikuwa nyeusi na mvua ilikuwa imeanza tena, na mbele yao taa mbili zikalichana lile giza kama mkasi mpya unavyochana hariri, zikaonyesha kila shimo, kila paka, na magodoro yote katika duka la magodoro yakiwa yamepangwa vizuri, salama.

Kwenye kona ya hospitali lori kubwa likaja kutoka upande wa pili. Dereva wake akawapigia taa mara mbili, akashusha kioo, akatoa kichwa kwenye mvua.

“We mama!” akapiga kelele. “Punguza hizo taa, unatupofusha!”

Andikeni, enyi wenye kalamu! Andikeni siku na saa! Mafundi watatu, betri mbili, kaka mmoja, na hakuna hata siku moja katika miezi minne ambapo kiumbe chochote kiliomba Kikohozi lipunguze taa. Mshonaji alizishusha kwa adabu, akamwinulia dereva mkono, kisha ikambidi asimame kando ya barabara kidogo, kwa sababu miwani ilikuwa imeloa kwa ndani.

“Twende, mwanangu,” mama mkwe akasema. “Utalia tukifika. Ni saa kumi na mbili kasoro kumi.”